Kumtafuta fundi: namna ya kumwona chura macho-makubwa wa Mlima Rungwe

Sauti yake ni moja tu: ko. Kisha kimya. Unahesabu hadi ishirini, hadi thelathini, unaanza kuamini kwamba lilikuwa tone la maji limeangukia jani la mgomba pori. Halafu, palepale, tena: ko.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao katika msitu huu, enzi zile watu walipokuwa bado wanapasua. Jioni alipokuwa akifunga misumeno yake kwa magunia, akiisikia sauti hiyo alisema, "Fundi naye ameingia kazini." Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane, na niliamini kabisa kwamba kuna mtu kule vichakani anayegonga msumari mmoja usiku kucha. Ndiyo maana hadi leo namwita fundi, na wageni ninaowapeleka wameshazoea.

Nalima chai na ndizi kwenye shamba lililopakana na msitu, upande wa Tukuyu. Kwa miaka kumi na minne sasa nimekuwa nikiongoza watu msituni: wanafunzi wa vyuo, walimu, wapiga picha, na familia chache za hapahapa Mbeya ambazo zimeshamaliza Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu, zinataka kingine. Wengi huja kwa ajili ya kipunji, yule kima ambaye wazee wetu walimjua siku zote lakini wanasayansi walimkuta hapa mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005. Kipunji anastahili kuonwa. Lakini jua likizama, watu wa kipunji wanarudi gesti Tukuyu kula, na hapo ndipo msitu unapoanza kusema. Haya nayaandika kwa ajili ya yule anayetaka kubaki.

Kwanza umjue unayemtafuta

Fundi ni chura wa mtini, na ni mkubwa. Jike aliyekomaa anaweza kufika sentimita nane na nusu kutoka puani hadi mwisho wa kiwiliwili, bila kuhesabu miguu; ukimwona amekaa, anajaza kiganja cha mtu mzima. Dume ni mdogo sana kwake, sentimita nne hadi tano tu. Jina lake la kisayansi ni Leptopelis vermiculatus, alilopewa na mwanasayansi Boulenger mwaka 1909 kwa vyura waliotoka Amani kule Usambara. Neno la pili linasema juu ya mistari iliyopindapinda kama njia za minyoo. Nje ya Tanzania hayupo popote duniani. Yupo Usambara, yupo Udzungwa, na yupo huku kwetu Rungwe.

Ana rangi za aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapompoteza. Wapo wa kijani kibichi, kijani cha jani changa la chai, wenye vidoa na mistari myembamba myeusi mgongoni. Wapo pia wa kahawia, wenye pembetatu iliyokolea mgongoni. Wote ni chura mmoja. Mgeni aliyeona picha ya wa kijani atampita wa kahawia hatua moja kutoka kwake, akidhani ni jani kavu. Kwa hiyo usitafute rangi. Tafuta umbo: kichwa kipana, mdomo mpana, vidole vyenye vitufe mwishoni kama vichwa vya pini, na juu ya yote hayo macho. Ni makubwa kupita kiasi cha uso wake, na katikati mboni imesimama wima kama ya paka. Ubavuni, pale ngozi inapokutana na tumbo, ana marumaru ya nyeusi na nyeupe. Ukiona marumaru hayo kwenye chura wa ukubwa huo, huna haja ya kuuliza mtu.

Wakati

Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na fundi ni mtu wa mvua. Usije Juni wala Julai ukitarajia kumsikia. Baridi ya miezi hiyo huku kwetu inawanyamazisha hata mbwa. Anza kumtegea masikio mvua za Novemba zikishashika, na uzoefu wangu ni kwamba Desemba hadi Machi ndiyo miezi yake.

Usiku mzuri ni ule ambao mvua imepiga mchana, ikakatika kabla ya magharibi, hakuna upepo, na mwezi bado haujatoka au haupo kabisa. Upepo ni mbaya kuliko mvua. Ukiwa na upepo, majani yote yanagonga, na wewe utamfukuzia fundi mahali ambapo hayupo. Ingia saa moja usiku, giza linapofunga. Ikifika saa nne na hujamsikia, rudi nyumbani, maana miguu ikichoka ndipo mtu anapoteleza na kukanyaga asichokiona.

Mahali: usipande

Hili nalirudia kwa kila mgeni kwa sababu kila mgeni hulikosea. Wakisikia "mlima" wanataka kupanda. Kilele cha Rungwe kinakaribia mita 2,960, na huko juu kuna mianzi, kuna baridi, kuna uzuri wake, lakini fundi hayuko huko. Yeye ni wa mita 900 hadi 1,800 hivi. Sasa fikiria: upande huu msitu wenyewe unaanzia kama mita 1,500, kwa sababu chini ya hapo ni mashamba yetu. Maana yake nyumba yake yote hapa Rungwe ni ule mkanda wa chini, mwembamba, unaogusana na chai, migomba na viazi. Anaishi mlangoni petu. Kuni za haraka hukatwa kwenye mkanda huohuo, ng'ombe huingizwa humohumo wakati wa kiangazi, na ukitoka nje ya msitu hatua ishirini tu kuingia shambani, humkuti tena. Nimejaribu miaka yote hii. Sijawahi kumsikia hata mara moja kwenye chai yangu.

Ndani ya mkanda huo, fuata maji, ila si maji yoyote. Kijito kinachopiga kelele kwenye mawe kitakuziba masikio, na jike hakihitaji. Anachotaka ni mahali ambapo maji yametulia pembeni: kidimbwi kilichobaki kijito kilipopinda, kinamasi kidogo chini ya kangaga, shimo la zamani la wapasua mbao lililojaa maji ya mvua. Sababu ni uzazi wake. Yeye hatagi majini. Anachimba udongo laini karibu na maji, anayafukia mayai humo, na mvua zikizidi viluwiluwi hutoka wakajinyonganyonga hadi dimbwini. Mikia yao ni mirefu na ina nguvu kama ya mkunga, na kwenye ardhi iliyolowa wanaweza kujisukuma. Basi penye udongo laini, usiokanyagwa, kando ya maji yaliyotulia, chini ya vichaka vyenye matawi ya kukaa dume, hapo ndipo pa kuanzia.

Nenda mchana kwanza. Hili si ushauri wa hiari. Tembea njia yote ukiwa unaona, ujue gogo lilipo, ujue utelezi ulipo, na ufunge alama. Mimi nafunga vipande vya ganda kavu la mgomba kwenye matawi, kwa usawa wa kifua. Yanaonekana vizuri kwa tochi kwa sababu yamepauka, na mwaka ukipita yameoza, msitu hauna takataka yangu. Utepe wa plastiki sitaki kuuona.

Ruhusa uitafute kabla. Msitu huu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ofisi iko Tukuyu. Eleza wazi kwamba unataka kuingia usiku, maana usiku ni jambo la kuombea peke yake. Pita pia kwa mtendaji wa kijiji utakachopitia, umsalimie, umwambie mko wangapi. Taa zinazotembea msituni usiku bila taarifa, kwa watu wanaolinda msitu wao, ni majangili.

Viatu vyako

Utahitaji gambuti, shati la mikono mirefu, tochi ya kichwani na nyingine ya mkononi, kofia, penseli na daftari. Penseli, kwa sababu wino unayeyuka. Dawa ya mbu pakaa shingoni na miguuni ukipenda, lakini usiguse viganja. Nitasema kwa nini.

Ila nataka kukaa kidogo kwenye gambuti.

Kule Udzungwa, kwenye korongo la Mto Kihansi, aliishi chura mdogo wa manjano, hata sentimita tatu hafiki, anayezaa watoto badala ya kutaga. Aligunduliwa mwaka 1996 na kupewa jina mwaka 1999. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili za majani yaliyolowa na rasharasha za maporomoko. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikapungua. Watu wakaweka mabomba ya kunyunyiza maji, na vyura wakaanza kuongezeka tena. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na kwenye miili yao ikapatikana kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena. Kilichobaki ni uzao wa vyura 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, na ni watoto wa hao walioanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Kuvu hiyo inasafiri kwenye maji na tope. Tope linakaa kwenye nyayo za viatu. Chura anapumua na kunywa kwa ngozi yake. Ngozi ikiharibika, moyo wake haufanyi kazi. Ndiyo maana mgeni akifika kwangu na gambuti zenye tope la mahali pengine, hata awe nani, haingii.

Fanya hivi. Siku moja kabla, sugua nyayo kwa brashi hadi tope lote litoke, hasa kwenye mifereji ya soli; tumia msumari kama linang'ang'ania. Changanya kipimo kimoja cha jiki na vipimo tisa vya maji, loweka nyayo robo saa, suuza kwa maji safi, kisha anika juani mpaka zikauke kabisa, ndani na nje. Kukauka ni dawa nzuri kama jiki yenyewe. Fanya kazi hiyo nyumbani, maji yake uyamwage shambani mbali na mfereji, kamwe si kijitoni. Ukitoka msituni rudia, hata kama kesho yake unarudi msitu uleule, ili iwe desturi ya mikono.

Masikio kwanza

Watu watano wanatosha, sita ni wengi. Mkifika kwenye dimbwi mlilochagua mchana, zimeni tochi zote na mkae. Kaeni chini kweli, kwenye gunia au koti la mvua. Dakika tano za kwanza hamtasikia kitu, kwa sababu mmewanyamazisha wote. Kisha wataanza wale wadogo wa kwenye majani ya kando ya maji, sauti kama glasi zinazogongana, wengi kwa pamoja. Wanapendeza, ila wanaweza kuwaziba masikio. Msiwafuate. Sikilizeni juu yao na nyuma yao, kule vichakani, kwa sauti nzito inayokuja peke yake.

Ikija, msikimbie. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia sauti, nikapoteza misimu miwili hivyo. Sauti ya mara moja kila nusu dakika inadanganya; unaisikia kulia, kumbe ni mbele. Siku hizi natumia mikono. Watu wawili wanasimama hatua kumi kati yao, gizani, kila mmoja ameweka viganja nyuma ya masikio kama mtu asiyesikia vizuri, anageuza kichwa polepole. "Ko" ikisikika, kila mmoja ananyoosha mkono upande alipoisikia na kuuacha hapohapo. Ikisikika mara ya pili, anarekebisha. Mara ya tatu, wote wawili wanawasha tochi kufuata mikono yao. Pale mianga miwili inapokatana, fundi yupo, au yupo hatua mbili kutoka hapo. Dume hupenda kukaa kwenye tawi au jani pana, mara nyingi juu ya kimo cha mtu kidogo, wakati mwingine mita tatu au nne. Wanafunzi wa chuo niliowafundisha hili walinicheka hadi walipomwona wa kwanza. Sasa wanalitumia Udzungwa.

Mwanga wa tochi uweke kando ya jicho lako, usawa wa kipaji, si kiunoni. Mwanga ukitoka karibu na jicho, macho ya mnyama yanakurudishia. Ya fundi yanarudi na wekundu wa kaa la moto linalofifia, na yametulia. Vimuli vidogo sana vya kijani au buluu vilivyotapakaa kila mahali ni buibui. Macho makubwa ya rangi ya chungwa yanayoruka kutoka mti hadi mti ni komba. Kabla ya kumsogelea, funika tochi kwa karatasi nyekundu ya peremende au kitambaa chekundu. Mwanga mweupe mkali ukimpiga muda mrefu ananyamaza na kubaki amepofuka kwa muda, na usiku wake umeharibika.

Sasa jambo la usalama, na silitanii. Vichaka hivihivi vina nyoka wa kijani mwenye sumu, mfupi, mwenye kichwa kipana na magamba yaliyosimama kama majani ya msonobari. Jina lake la kisayansi limebeba jina la mlima wetu: Atheris rungweensis. Usiku hujiviringisha kwenye matawi ya usawa wa kiuno hadi kichwa, akingoja vyura, kwa hiyo unapomtafuta fundi, wewe na yeye mnatafuta kitu kimoja mahali pamoja. Kanuni yetu ni kwamba mkono hauendi mahali ambapo mwanga haujafika. Hushiki tawi kujivuta, hupitishi mkono kufunua majani. Ukimwona, rudi nyuma hatua tatu, waambie wenzako, mpite mbali. Hafukuzi mtu. Siafu nao uwaangalie chini kila unaposimama. Wakikupanda, mkimbie kwanza, mvue suruali baadaye.

Ukishamwona

Simama mita moja na nusu. Acha azoee. Piga picha tatu: moja ya juu ionyeshe mgongo, moja ya ubavuni ionyeshe marumaru, moja ya uso. Tatu zinatosha kumtambua, na kwa sababu kila mmoja ana michoro yake mgongoni, picha ya juu inakuwezesha kumjua akirudi mwaka ujao. Nina jike mmoja ninayemtambua kwa alama kama herufi y nyuma ya jicho la kushoto. Nimemwona misimu mitatu. Flashi zima kama unaweza, tumia mwanga wa mwenzako kwa pembeni. Dakika mbili, kisha ondokeni.

Usimshike. Usimhamishe kutoka tawi baya kwenda jani zuri kwa ajili ya picha. Niliwahi kumruhusu mgeni mmoja amweke kiganjani, miaka ya mwanzo, kwa sababu aliomba kwa upole sana. Alikuwa amejipaka dawa ya mbu jioni ile. Tulimrudisha chura kwenye tawi, akateleza, akateleza tena, akakaa chini kwenye majani na kope zimeshuka, ngozi imekuwa na povu. Nilibaki naye baada ya wageni kuondoka, nikimmwagia maji ya dimbwi kwa kiganja cha jani. Asubuhi nilirudi nikamkuta palepale, amekakamaa. Ngozi ile inayokunywa maji inakunywa na kila kitu kilicho mkononi mwako: dawa, sabuni, mafuta ya kujipaka, chumvi ya jasho. Tangu siku hiyo hakuna aliyeomba kwa upole wa kutosha.

Mwangalie tu. Ukipata bahati utaona kitu ambacho mimi nimekiona mara mbili katika miaka yote hii. Ilikuwa Januari, mvua imekatika saa kumi na moja, nilikuwa na binti mmoja mwanafunzi na mwenzake. Tulikuwa tunamtafuta dume juu, binti akashusha tochi kuangalia siafu, akaninong'oneza, "Mama, hapa chini." Jike wa kahawia alikuwa amekaa ukingoni mwa dimbwi, kwenye udongo mweusi chini ya kangaga, na mgongoni amembeba dume wa kijani, mdogo kama kitoto kilichofungwa kanga. Alikuwa anachimba kwa miguu ya nyuma. Mguu wa kulia unasukuma udongo pembeni, unapumzika. Wa kushoto unasukuma, unapumzika. Hakuwa na haraka. Kila baada ya muda anajizungusha kidogo, kama mtu anayejipimia kitanda, na kuzama kiasi cha upana wa kidole. Dume amefumba macho, udongo umemjaa kwenye vidole. Tulikaa bila kusema neno mpaka saa nne kasorobo, na kilichobaki juu ya ardhi kilikuwa macho manne. Binti yule alikuwa analia taratibu. Nilimwuliza baadaye, akasema hajui kwa nini.

Sikufukua kuona mayai, na wewe usifukue. Nimeyaona mara moja tu, ukingo ulipomomoka kwa mvua: meupe-manjano, yameshikana, makubwa kuliko nilivyotarajia kwa chura. Kwa sababu hiyohiyo tembea juu ya mawe na mizizi unapokuwa kando ya dimbwi, si kwenye udongo laini, hata kama udongo laini ndio rahisi.

Mahali usipataje

Hapa kuna jambo langu mwenyewe. Mwaka 1998 alifika kijijini mtu mwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko iliyotobolewa. Alikuwa ananunua vinyonga na vyura. Fundi alikuwa shilingi mia tatu mmoja, wa kijani mia tano. Nilikuwa na mtoto mchanga na chai ilikuwa haina bei. Nilijua sauti yake kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu ya baba. Msimu ule niliuza ishirini na watatu kutoka dimbwi moja. Msimu uliofuata nilikwenda na ndoo, nikakaa hadi usiku mkubwa, na wale wadogo wa majani wakagonga glasi zao, na juu yao hapakuwa na kitu. Ilichukua miaka minne kabla sijasikia "ko" pale tena.

Vyura hao waliuzwa ng'ambo kukaa kwenye vioo sebuleni. Mwaka 2016 serikali ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na nashukuru. Lakini picha yenye jina la kijito bado inamwonyesha njia mtu mwenye ndoo. Kwa hiyo unapoweka picha mtandaoni andika "Rungwe" tu, inatosha. Zima alama ya mahali kwenye kamera ya simu kabla hujaingia msituni. Kama unatumia programu ya kurekodi viumbe kama iNaturalist, angalia kwamba mahali pamefichwa. Mahali halisi paandike kwenye daftari lako, na nakala uwape walinzi wa msitu, kwa sababu wao wanahitaji kujua ni wapi pa kukagua.

Daftari liandike palepale au ukishafika barabarani, kabla ya chai ya moto, maana chai ya moto inafuta mambo. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, sauti ulizohesabu kwa dakika kumi, uliowaona, rangi, ukubwa kwa kukadiria, walikuwa kwenye mmea gani na kimo gani. Andika pia usiku ambao hukusikia kitu. Ukurasa wangu wa mwisho, wa msimu uliopita, uko hivi:

Februari 9. Dimbwi la pili, saa 1:40 hadi 3:50 usiku. Mvua mchana, imekatika saa 11 jioni. Hakuna upepo. Sauti 14 kwa dakika kumi, madume matatu, labda manne. Dume wa kijani, kangaga, mita 2. Dume wa kijani, mgomba pori, mita 3, amelala na mguu mmoja umening'inia. Jike mwenye y, jani la chini, sentimita 8 hivi, amenona. Kuni mpya zimekatwa hatua 30 kaskazini ya dimbwi, nimemwambia mlinzi. Gambuti zimesuguliwa, zimeanikwa.